Anwani, Daftari na Masijala: Historia Fupi ya Istilahi za Kuhamisha Barua katika Nyanda za Juu Kusini

Utangulizi

Kusudi la makala hii ni kueleza historia ya maneno machache ambayo watumishi wa ofisi huyatumia kila siku bila kuyatafakari sana, nayo ni anwani, sanduku, daftari, orodha na kikundi. Maneno hayo yalikua katika zama za karatasi. Leo yanatumika katika kazi mpya, hasa kazi ya kuhamisha barua pepe za ofisi kutoka seva moja kwenda nyingine, pamoja na daftari la anwani linalotumiwa na watumishi wote. Tutajaribu kuonyesha kwamba kazi hiyo, ingawa vyombo vyake ni vipya, si ngeni katika nchi yetu. Na kwamba maneno yasipotenganishwa vizuri, watu hupotea katika daftari bila mtu yeyote kukusudia kuwapoteza.

Tumechagua Mbeya na Iringa kuwa mfano kwa sababu mbili. Kwanza, mipaka ya utawala ya sehemu hiyo imebadilishwa mara nyingi, na kila mara anwani za ofisi zimebadilika pamoja nayo. Pili, mwandishi wa makala hii alishiriki katika uhamishaji mmoja wa namna hiyo huko, akafanya kosa la tafsiri ambalo hasara yake iliwaangukia watu wengine. Kosa hilo litaelezwa mahali pake.

Anwani na Sanduku

Neno anwani asili yake ni Kiarabu, ambako lina maana ya kichwa cha maandishi au jina la kitabu, na pia maelezo ya mahali barua inakopelekwa. Kiswahili kilizipokea maana zote mbili. Hata leo mwandishi aweza kusema "anwani ya kitabu" akikusudia jina lake. Tangu mwanzo, basi, neno hili limebeba mambo mawili kwa pamoja: jina la kitu, na mahali kinakopatikana. Hitilafu nyingi tutakazozieleza baadaye zina mizizi yake hapo.

Katika nchi yetu barua kwa kawaida haikupelekwa mlangoni kwa mtu. Iliwekwa katika sanduku lililokuwa posta, na mwenye ufunguo akaifuata huko. Ndiyo sababu anwani zetu kwa miaka mingi zimekuwa na herufi S.L.P. na nambari, badala ya jina la mtaa na nambari ya nyumba. Sanduku moja la shule au la misheni lilitumiwa na walimu, wanafunzi, wapishi na hata jamaa za watu waliokaa jirani. Mtu wa Tosamaganga, Malangali au Rungwe hakuwa na haja ya sanduku lake mwenyewe. Aliandikiwa kwa kupitia shule, kanisa au mwajiri wake.

Mazoea hayo yalizaa mambo mawili yanayohusu mada yetu. La kwanza ni kwamba anwani ya pamoja haikuja na kompyuta: wazee wetu waliijua na kuitumia. La pili ni kwamba anwani haikumtambulisha mtu, bali ilitambulisha chombo ambacho mtu alikitegemea. Mwalimu alipohamishwa kutoka Njombe kwenda Tukuyu, sanduku lilibaki palepale na yeye ndiye aliyebadilika. Barua yake ilifika salama kwenye sanduku alilokwisha kuliacha, ikakaa humo mpaka mtu mwema alipomkumbuka.

Jinsi Mipaka Ilivyohama

Msomaji atakumbuka kwamba zamani Mbeya na Iringa zilikuwa sehemu ya jimbo moja, yaani Jimbo la Nyanda za Juu Kusini. Mbeya ilikuwa kituo cha mawasiliano mapema sana katika maisha yake. Shirika la ndege la Imperial Airways lilipoanzisha safari zake za London hadi Cape Town mwaka 1932, ndege zilizochukua barua zilitua Dodoma kisha Mbeya kabla ya kuingia katika nchi ambayo leo ni Zambia. Mji uliokuwa na umri wa miaka michache tu ukawa umeunganishwa na ulimwengu kwa njia ya mfuko wa barua.

Baada ya Uhuru majimbo yalivunjwa ikaundwa mikoa, na Mbeya na Iringa zikawa mikoa miwili. Mwaka 1972 ulikuja utaratibu wa Madaraka Mikoani. Halmashauri za zamani ziliondolewa, na mahali pake pakawekwa Wakurugenzi wa Maendeleo wa Mikoa na wa Wilaya. Barua iliyoandikwa kwa halmashauri ya wilaya sasa ilimhusu mtu mwenye cheo kingine, katika ofisi nyingine, na pengine katika sanduku jingine. Mwaka 1974 Sumbawanga ilitolewa Mbeya ikaingia katika mkoa mpya wa Rukwa. Sheria za mwaka 1982 zilirudisha serikali za mitaa, nazo halmashauri zikaanza kazi tena mwaka 1984. Kwa muda wa miaka kumi na miwili, basi, karani wa Mbeya alipaswa kulirekebisha daftari lake mara tatu, na hapo hatujataja vijiji.

Posta yenyewe nayo haikutulia. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, shirika la posta na simu lililohudumia nchi tatu lilikwisha pamoja nayo, na Tanzania ikaunda lake. Mwaka 1994 shirika hilo la taifa liligawanywa, posta ikaenda kivyake na simu kivyake. Katika vitabu vya simu vya zamani nambari za Iringa zilitanguliwa na 064 na za Mbeya 065. Baadaye zilibadilishwa: Mbeya imekuwa 025 pamoja na Ruvuma na Rukwa, na Iringa imekuwa 026 pamoja na Dodoma, Singida na Tabora. Hivyo mikoa ambayo watu huitaja pamoja katika mazungumzo, kwa jina la Nyanda za Juu Kusini, simu huitenganisha.

Mwaka 2012 wilaya za Njombe, Makete na Ludewa zilitolewa Iringa ukazaliwa Mkoa wa Njombe. Mwaka 2016 Mbozi, Ileje, Momba na Songwe zilitolewa Mbeya ukazaliwa Mkoa wa Songwe, makao yake yakiwa Vwawa. Mwaka huohuo Serikali ilianza kuhamia Dodoma kwa nguvu mpya, kutekeleza uamuzi uliokuwa umepitishwa mwaka 1973, na anwani za wizara katika madaftari ya mikoa yote zikaanza kupitwa na wakati moja baada ya nyingine. Mwaka 2022 ilifanyika Operesheni ya Anwani za Makazi kabla ya Sensa ya mwezi Agosti, na nyumba zikapewa nambari na barabara zikapewa majina. Postikodi nazo zimefuata mikoa: za Iringa huanza na 51, za Mbeya na 53, za Songwe na 54, na za Njombe na 59.

Hatukuyaorodhesha mambo haya kwa kutaka kumchosha msomaji. Tunataka aone kwamba katika kila badiliko, makao hayakwenda popote. Makete ilibaki mahali pake juu ya milima ya Kipengere. Kilichohama ni jina la mkoa ambao Makete iliandikwa chini yake. Na kazi ya kuhamisha jina hilo katika madaftari yote ya nchi haikupewa mtu yeyote kwa barua. Iliachiwa makarani.

Masijala na Hekima Yake

Makarani hao walifanya kazi katika chumba kiitwacho masijala. Neno hili ni ndugu ya kusajili, msajili na usajili. Katika masijala ya karatasi kulikuwa na daftari la barua zinazoingia, daftari la barua zinazotoka, na majalada yaliyopangwa kwa nambari. Kila barua ilipewa nambari ya kumbukumbu, ambayo hadi leo huandikwa Kumb. Na. juu ya barua rasmi. Tarishi alipopeleka barua, aliyepokea alitia sahihi katika daftari la tarishi. Barua haikuweza kufika au kukosa kufika bila alama kubaki.

Jambo la kutazamwa zaidi ni jinsi barua zilivyoelekezwa. Barua rasmi haikuandikwa kwa jina la mtu bali kwa cheo: Katibu Tawala wa Mkoa, Mkuu wa Shule, Mganga Mkuu wa Wilaya. Mtu aliweza kustaafu, kuhamishwa au kufariki, na barua isipotee, kwa kuwa cheo hakistaafu. Tena waraka mmoja uliweza kuelekezwa kwa "Wakuu wa Shule za Sekondari wote". Mstari huo mmoja wa maneno sita ulikuwa anwani ya watu wengi. Lakini haukuwa na nguvu yoyote kama masijala haikuwa na daftari lililoonyesha "wote" hao ni nani na wapi walipo. Kwa hiyo kulikuwa na vitu viwili: mstari ulioandikwa juu ya waraka, na daftari lililokuwa nyuma yake. Karani mzuri alijua kwamba kuugusa mmoja si kuugusa mwingine.

Kuja kwa Barua Pepe

Barua pepe ya namna tunayoijua ilianza Marekani mwaka 1971, wakati mhandisi Ray Tomlinson alipoitumia alama ya @ kutenganisha jina la mtumiaji na jina la kompyuta yake. Hata hivyo, kwa miaka mingi katika baadhi ya mitandao mwandishi alilazimika kuandika njia nzima ya barua, kompyuta baada ya kompyuta, kama mtu anayemwelekeza mgeni: pita Makambako, kisha Igawa, kisha Uyole. Kompyuta moja ikiondolewa katikati, anwani zote zilizopita hapo zilikufa. Mwaka 1983 Paul Mockapetris alibuni mfumo wa majina ya vikoa, ambao uliiruhusu anwani ibaki vilevile hata kama kompyuta imebadilishwa. Hilo lilikuwa jambo lilelile ambalo masijala ilikwisha kulitambua: elekeza kwa cheo, usielekeze kwa njia.

Vikoa vyenye herufi .tz vilianza katikati ya miaka ya 1990. Yafaa kutaja kwamba neno kikoa ni la zamani katika Kiswahili, nalo lilihusu watu wanaokula pamoja kwa zamu, kila mmoja akiwakaribisha wenzake siku yake. Waliolichagua kwa kazi mpya walichagua vizuri, maana kikoa cha anwani ni jumuiya ya watu wanaotumia jina moja. Neno barua pepe nalo limekubalika mpaka kwa watu wasiojua kompyuta, ingawa wengine huliandika kama neno moja. Neno kompyuta limeshinda huku kwetu, na tarakilishi limepata nafasi zaidi Kenya. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu za ofisi kwa Kiswahili, zilizoitwa Jambo OpenOffice, na kwa mara ya kwanza watumishi wengi waliona kwamba amri za kompyuta zaweza kusomwa kwa lugha yao.

Mambo hayo yalifika Mbeya na Iringa pamoja na mabadiliko ya taasisi. Chuo cha Ufundi Mbeya kilifanywa Taasisi ya Sayansi na Teknolojia mwaka 2005, na mwaka 2012 kikawa chuo kikuu. Shule ya Mkwawa, Iringa, ilifanywa Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu mwaka 2005. Taasisi inapobadilishwa jina, mara nyingi kikoa chake nacho hubadilishwa, na pamoja nacho anwani ya kila mhadhiri, karani na mwanafunzi. Upande wa Serikali, Wakala ya Serikali Mtandao ilianza kazi mwaka 2012, na kwa sheria ya mwaka 2019 ikawa Mamlaka. Watumishi waliokuwa wakitumia anwani zao binafsi walihimizwa kuingia katika mfumo wa barua pepe wa Serikali. Kila kuingia huko ni kuhama kutoka mahali pengine.

Kinachohama Seva Inapohama

Tuseme sasa kwa uwazi ni vitu gani vilivyomo katika seva ya barua pepe, maana wengi hudhani ni barua tu.

Kuna masanduku ya watumishi na barua zilizomo. Kuna anwani zinazoelekeza barua kwenye masanduku hayo. Kuna daftari binafsi la kila mtumishi, lenye watu anaowajua yeye. Kuna daftari la pamoja, ambalo kila mtumishi hulisoma lakini si kila mtumishi huruhusiwa kuliandika. Na kuna vikundi, yaani majina ambayo ukiyaandikia, barua huenda kwa watu wengi mara moja. Kanuni za kimataifa za kupanga daftari la pamoja ziliwekwa mwaka 1988 kwa jina la X.500, na mwaka 1993 Chuo Kikuu cha Michigan kilitoa njia nyepesi zaidi ya kulisoma, ambayo bado inatumika.

Masanduku na barua huhama kwa urahisi. Fundi huweza kuhesabu barua zilizokuwa katika seva ya zamani na zilizofika katika seva mpya. Daftari binafsi mara nyingi limo katika kompyuta ya mwenyewe, nalo husahauliwa mpaka mwenyewe alipopewa kompyuta nyingine. Daftari la pamoja huhamishwa kwa kutolewa katika faili la maandishi na kuingizwa upya. Hapo ndipo herufi huharibika, majina hujirudia, na vikundi hubaki nyuma, kwa kuwa faili hilo aghalabu huchukua anwani bila kuchukua uhusiano wake na vikundi.

Liko na jambo jingine lililofichika. Baadhi ya mifumo, hasa Exchange ya kampuni ya Microsoft, haitumii anwani inayoonekana pale watumishi wa ofisi moja wanapoandikiana. Hutumia jina la ndani ambalo watumiaji hawalioni. Mtumishi akihamishiwa seva mpya hupewa jina la ndani jipya, hata kama anwani yake ni ileile. Siku ya pili mwenzake anaijibu barua ya mwezi uliopita, na jibu linarudishwa kwa maelezo kwamba mpokeaji hayupo, wakati mpokeaji huyo ameketi chumba cha pili. Dawa yake ni kuliandika jina la ndani la zamani katika sanduku jipya kama anwani ya ziada. Msomaji ataona kwamba hili ni lilelile la sanduku la posta la mwalimu aliyehamia Tukuyu.

Kosa la Neno Moja

Miaka michache iliyopita ofisi moja iliyohudumia kanda nzima ilihamisha seva yake. Mwandishi wa makala hii aliombwa kuutafsiri mwongozo wa kazi hiyo ili makarani wa masijala waweze kushiriki. Mwongozo ulikuwa na amri mbili. Ya kwanza ilihusu kumtoa mtu katika kikundi, ambapo anwani yake hubaki katika daftari la pamoja. Ya pili ilihusu kuiondosha anwani katika daftari lenyewe, ambapo hupotea pia katika kila kikundi. Amri zote mbili nilizitafsiri kwa maneno yaleyale: "futa anwani katika orodha". Nilikuwa nimelitumia neno orodha kwa kikundi na kwa daftari, na neno futa lilionekana kutosha mahali pote. Tafsiri ilisomeka vizuri, na hakuna aliyeuliza swali.

Katika daftari la ofisi hiyo kikundi cha shule za Iringa kilikuwa hakijarekebishwa tangu kabla ya mwaka 2012. Shule za Makete na Ludewa zilikuwa bado zimo. Vivyo hivyo kikundi cha Mbeya kilikuwa na shule za Mbozi na Ileje. Makarani, kwa bidii na kwa nia njema, walichukua majina ya halmashauri za sasa, wakazifuta katika orodha anwani zote zisizokuwa za mkoa unaohusika. Walifanya kama mwongozo ulivyowaambia. Vikundi vya Njombe na Songwe havikuwa vimeundwa bado. Fundi alilinganisha masanduku, barua na anwani zilizobaki, na hesabu zote zilikubaliana. Seva ya zamani ikazimwa na vyombo vyake vikafutwa.

Baadaye iliitishwa semina ya istilahi mjini Mbeya, na mialiko ikatumwa kwa vikundi vyote. Siku ya tatu ya semina mwalimu mmoja wa Makete alinipigia simu. Baada ya salamu alisema, "Ndugu yangu, nilitaka kujua tu semina itaanza lini, maana maneno yangu yako tayari." Alikuwa amekusanya kwa muda mrefu maneno ya Kikinga yanayohusu baridi, ukungu na kilimo cha milimani, akisubiri kuitwa. Sikuwa na la kumjibu isipokuwa kweli.

Barua ikipotea njiani, aliyeituma hungoja jibu, na asipolipata huuliza. Jina likipotea katika daftari, hakuna anayengoja. Asiyealikwa hajui kwamba hakualikwa, na mwalikaji anaona ukumbi umejaa. Hasara ya namna hii haina mlalamikaji, na kwa sababu hiyo yaweza kudumu miaka mingi.

Nilipoeleza jambo hili katika masijala ya ofisi ile, mama mmoja aliyekuwa karani wa siku nyingi alitikisa kichwa akasema, "Mwanangu, ukimtoa mtoto darasa la tano ukampeleka darasa la sita, je, unamfuta katika daftari la shule?" Kisha akafungua kabati, akatoa daftari la karatasi lililokuwa na nambari za masanduku ya posta na za simu, nyingine zikiwa bado zina 064 mbele yake. Kwa daftari hilo tulianza kupiga simu, shule baada ya shule. Kazi ilichukua majuma kadhaa, na baadhi ya anwani hazikupatikana.

Istilahi Tunazopendekeza

Kutokana na maelezo hayo, tunapendekeza yafuatayo kwa watafsiri, walimu na watumishi.

(a) Anwani itumike kwa maelezo ya mahali barua inakopelekwa tu. Isitumike kwa mtu, wala kwa kumbukumbu nzima ya mtu yenye jina, cheo na simu. Hiyo iitwe ingizo, kwa kuwa ndiyo kitu kinachoingizwa katika daftari.

(b) Daftari la anwani ni afadhali kuliko kitabu cha anwani. Kitabu kikishachapwa kimekwisha, lakini daftari huandikwa, hukatwa na kuongezwa kila siku. Wako wanaopendelea saraka. Neno hilo laweza kuwafaa mafundi, lakini makarani tuliozungumza nao hawakulitambua, hali daftari wamelishika mikononi.

(c) Daftari binafsi na daftari la pamoja yatajwe kwa majina yake kamili kila mara. Mwongozo usiseme "daftari" peke yake.

(d) Kikundi kitumike kwa jina moja linalofikisha barua kwa watu wengi. Orodha iachiwe kazi yake ya kawaida, yaani majina yaliyopangwa kwenye karatasi au kwenye kioo, bila nguvu ya kupeleka barua.

(e) Kuondoa katika kikundi na kufuta katika daftari vitenganishwe daima. Aliyeondolewa yupo, aliyefutwa hayupo.

(f) Kuhamisha, kunakili na kuelekeza upya visichanganywe. Kilichohamishwa hakibaki kilikotoka. Kilichonakiliwa kipo mahali pawili. Barua iliyoelekezwa upya imefika kwa anwani ya zamani ikapelekwa kwa mpya.

(g) Anwani ya cheo itofautishwe na anwani ya mtu, na katika daftari la pamoja anwani ya cheo itangulie.

Pamoja na istilahi hizi, ofisi inayojiandaa kuhama haina budi kushika utaratibu mfupi. Kabla ya siku ya kuhama, daftari la pamoja lisimamishwe kuandikwa, kisha lichapwe kwenye karatasi, kikundi kwa kikundi. Vikundi visirekebishwe siku ileile ya kuhama: kwanza hamisha kama vilivyo, baadaye rekebisha. Anwani za zamani ziendelee kuelekezwa upya kwa miezi kadhaa. Seva ya zamani isifutwe mpaka mtu mmoja wa kila kikundi amejibu barua ya majaribio. Na daftari liwe na mlezi, mwenye cheo kinachojulikana, ambaye akihamishwa hukabidhi daftari kama anavyokabidhi funguo.

Hitimisho

Tumeona kwamba katika Nyanda za Juu Kusini mipaka, masanduku, nambari za simu na seva vimehama kwa zamu kwa muda wa miaka mingi, na kwamba kila mara daftari la pamoja ndilo lililosahauliwa. Tumeona pia kwamba masijala ya karatasi ilikuwa na tofauti za maana ambazo istilahi mpya zimeshindwa kuzihifadhi. Kazi ya mwanaistilahi haiishii katika kupata neno linalopendeza. Hana budi kuuliza ni vitu vingapi vitaitwa kwa neno hilo, na ni nani atakayeumia vikichanganywa.

Mwalimu wa Makete alialikwa katika semina iliyofuata, akaja, na maneno yake yamepelekwa mbele ya kamati inayohusika. Kama wako wasomaji wanaotumia istilahi nyingine kwa mambo tuliyoyaeleza, hasa makarani wa masijala na mafundi walioko mikoani, tutashukuru wakituandikia. Nasi tunaahidi kwamba anwani zao zitaingizwa katika daftari la pamoja.